Fyuzi ya Mkunga

Kosa ni langu, na nalisema mapema kabla sijaanza kukuchekesha ukanisamehe bila kujua umesamehe nini: nilimzimia mama wa watu redio yake kwa miezi saba, kwa sababu ya kelele zilizokuwa zinatoka mbinguni.

Mimi ni fundi wa kituo cha kusikiliza. Usishtuke, si cha polisi. Ni kibanda cha mbao juu ya kilima. Nje kuna nguzo nane na nyaya zake. Ndani kuna mashine inayonasa mawimbi ya redio kutoka angani, jiko la umeme, birika, kitanda, na mimi. Huku ni mbali sana, karibu na ncha ya dunia. Majira ya baridi jua linachungulia saa sita mchana kama mtu aliyekosea nyumba, kisha linaondoka zake. Saa tisa alasiri ni giza tayari. Halafu jioni nyingine anga linawaka: mapazia ya kijani, pindo jekundu, yanatikisika kama kuna mtu nyuma yake anatafuta mlango. Mgeni akiyaona mara ya kwanza analia. Mimi nina miaka kumi na sita hapa. Nikiyaona naenda kuangalia kama nyaya ziko salama.

Nina stashahada ya umeme. Tofauti ya stashahada na shahada ni kwamba mwenye shahada akikosea anaandika makala. Mimi nikikosea naandika barua ya maelezo. Bosi wangu yuko mjini, safari ya siku mbili. Namwita Daktari, ingawa hajawahi kutibu hata mafua. Yeye anachunguza mawimbi ya redio yanayozaliwa ndani ya yale mapazia. Kazi yangu ni kumsafishia: kila asubuhi nakaa na kikombe changu, natazama picha ambayo mashine imechora tangu jana, na nakata kila kelele ya binadamu. Chaja ya simu nina uwezo wa kuitambua kama mtu anavyotambua kikohozi cha shemeji yake. Injini, taa mbovu, jiko langu mwenyewe, vyote navijua kwa sura. Nikimaliza namtumia Daktari anga tupu, safi, kama limetoka kufuliwa.

Majira ya baridi yaliyopita ikaanza kutokea alama nisiyoijua. Uzi mwembamba, umepindapinda, kwenye megahezi mbili nukta nane au hapo karibu. Unakaa dakika tano, kumi, unapotea. Nikazima jiko. Uzi upo. Nikazima birika, taa, chaja, nikakaa gizani na koti kama mtu anayesubiri basi. Uzi upo. Basi si mimi, nikasema, na nikafurahi, maana hakuna raha kama kugundua kosa si lako.

Nikatoka nje, nikatazama chini ya kilima. Huko kuna nyumba moja tu inayoonekana kutoka kwangu, na dirisha lake lilikuwa linawaka.

Nitazame vizuri hapo. Mtu wa kazi ya anga, katoka nje, kelele zimemsumbua, anatazama chini. Juu sikutazama. Juu palikuwa kazini kwangu; mimi nilikuwa natafuta mhalifu.

Nyumba ni ya Mkunga. Amestaafu, lakini jina halijastaafu. Nusu ya watu wa bonde hili wamepita mikononi mwake. Nusu nyingine, anasema mwenyewe, walizaliwa kabla hajafika, na ukiwatazama unaona. Marehemu mume wake alikuwa mwendesha redio bandarini, na juu ya paa lao bado kuna waya mrefu wa antena. Nikachukua daftari. Jioni yenye uzi, naandika kama dirisha linawaka. Jioni kumi na mbili zenye uzi. Kumi na moja kati ya hizo, dirisha linawaka. Nikampigia Daktari simu.

"Nimemkamata," nikamwambia.

"Nani?"

"Jirani. Ana redio kuukuu ya kuitia watu wa mbali. Inamwaga kelele pembeni."

"Una uhakika, Fundi?"

"Nina jedwali."

Ningemwomba tu Mkunga awashe redio yake jioni moja ambayo anga limetulia, nirudi kwenye mashine yangu niangalie kama uzi upo. Dakika ishirini. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angefanya. Lakini nilishasema nimemkamata, na mtu akishasema hivyo kwa sauti, hataki tena kwenda kumuuliza aliyekamatwa.

Nikashuka saa saba mchana, na bisibisi mfukoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Futa miguu. Umekonda, au ni koti ndilo limenenepa?"

"Koti, Mama."

Redio ilikuwa sebuleni, kwenye kona, sanduku la kijivu lenye vitufe vinavyong'aa kwa kushikwa. Juu yake kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa miwani. Mbele yake kiti kimoja chenye mto. Nikamweleza: kituo, sayansi, kelele, Daktari. Alisikiliza kama wanavyosikiliza wakunga, mkono kwenye shavu, anajua utachukua muda wako na mwisho kitatoka tu.

"Kwa hiyo unataka ninyamaze."

"Wiki mbili tu, Mama. Nitoe fyuzi, tuone kama kelele zitaisha."

"Huwa naongea na Mtu wa Kisiwani," akasema. "Saa kumi na moja jioni, akishamaliza kupima upepo na mvua. Alikuwa anaongea na mume wangu. Siku nne baada ya mazishi nikasikia bado anamwita humo, nikashika maikrofoni nimwambie aache, mwenzie hayupo. Ndiyo ikawa hivyo. Miaka tisa."

"Anaitwa nani?"

"Sijui. Yeye ni Kisiwani, mimi ni Mkunga. Ana presha na kichwa kigumu. Bila mimi hamezi dawa. Namuuliza, umemeza? Ananijibu, Mkunga, unanipigia kelele kuliko bahari. Halafu nasikia glasi." Akacheka. "Na anga likiwaka namwita tena hata kama tulishaagana. Tunaulizana kama mwenzake naye analiona."

Umesikia hapo? Anga likiwaka ndipo anaporudi kwenye redio, ndipo dirisha linapowaka. Aliniambia mwenyewe, kwa mdomo wake, na mimi nilikuwa nimeinama nyuma ya sanduku nafungua kifuniko.

"Ngoja basi saa kumi na moja nimuage," akasema.

Nilikuwa na njia ya kupanda, na giza lilikuwa linakuja. Nikamwambia, "Mama, wiki mbili si safari. Utamkuta palepale."

Fyuzi ilitoka kirahisi, ya kioo, ndogo kama punje ya dawa. Nikafunga kifuniko, nikabandika stika juu yake, nikaandika tarehe, nikatia sahihi. Sijui nilijiona nani.

Wiki mbili zikapita, uzi ukatokea mara moja, hafifu. Huo ndio wa mwisho, nikasema. Kisha kiangazi kikaingia, na kiangazi cha huku jua halizami kabisa. Uzi ukapotea. Mwezi wa kwanza, hakuna. Wa pili, hakuna. Daktari akaandika: acha hivyohivyo mpaka mwisho wa mwaka, tupate picha safi. Nikajipongeza kwa soda mbili. Fyuzi niliiweka kwenye kopo la skrubu.

Kwa Mkunga nilipita mara tatu kiangazi hicho. Mara zote alinipa chai, na mara zote kile kiti chenye mto kilikuwa palepale mbele ya redio iliyokufa. Mara ya tatu aliniuliza, "Wiki zako zina siku ngapi, Fundi?" Nikacheka. Yeye hakucheka, lakini aliniongezea chai.

Giza likarudi, na uzi ukarudi nalo.

Nilipouona, mnene kuliko mwaka jana, umepinda kwa madaha, nilipandwa na hasira, na naona aibu kuliandika hili. Nilisema: kanunua fyuzi nyingine, mama huyu. Fyuzi si dhahabu, duka la vifaa liko hapo chini. Nikavaa koti, nikashuka kilima nusu nateleza, nikagonga mlango bila hata kupanga maneno.

"Mama, tulikubaliana."

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo. Mama, tulikubaliana."

Alisogea pembeni akanionyesha kona kwa kidevu. Stika ilikuwa juu ya kifuniko, na sahihi yangu, na tarehe yangu. Haikuguswa. Juu yake vumbi laini, sawasawa, la miezi. Sebule yote ilikuwa inang'aa. Hapo tu ndipo alipokuwa hafuti, asije akaibandua.

"Nilisema nisiiharibu," akasema. "Umeandika kwa mkono wako."

Sikujua niweke wapi mikono. Nikatoka nje kupata hewa, na kwa mara ya kwanza tangu kelele zile zianze, nikatazama juu. Anga lote lilikuwa linawaka.

Kesho yake nikampigia Daktari. Nikamweleza kila kitu: dirisha, jedwali, fyuzi, kwamba uzi unakuja na mapazia na hauna habari na redio ya mtu.

"Ulizifuta?" akauliza taratibu.

"Nini?"

"Hizo nyuzi ulizokata. Ulizifuta?"

"Hapana. Ziko kwenye folda ya takataka. Mimi situpi kitu, hata mke wangu aliondoka kwa sababu hiyo."

"Fundi!" Nilisikia kiti kikianguka. "Hizo ndizo ninazozitafuta! Mwaka mzima nashangaa kituo chako hakizioni!"

Basi akanielezea, kwa furaha ambayo haikunifikia hata robo. Na jioni ile nilishuka kwa Mkunga, kwa sababu nilikuwa na deni la maelezo, na fyuzi mfukoni.

"Kelele zilikuwa za anga, Mama. Si zako."

"Anga lina redio?"

"Kama linayo. Kule juu, kilomita mia tatu hivi, hewa ni nyepesi mno na imevunjikavunjika kuwa vipande vya umeme. Wanaiita plazima. Vile vipande vidogo kabisa, elektroni, havitulii. Sumaku ya dunia inavizungusha, kila kimoja kinacheza kwenye duara lake, mara milioni moja na laki nne kwa sekunde."

"Bila kizunguzungu."

"Bila kizunguzungu. Sasa jua linapotupa elektroni zake zinashuka huku kwa kasi, zinaingia katikati ya zile. Kawaida wa polepole ni wengi, wa haraka ni wachache, mambo yanakwenda. Lakini zikishamiminika, kwenye ule mzunguko wa haraka panajaa, kwa wa polepole panabaki wazi. Mzigo umekaa juu, chini patupu. Hapo hapakaliki. Kikitokea kitikiso kidogo tu, kiwimbi cha bure, kinawanyang'anya wale wa haraka nguvu yao, kinakua. Kikikua kinanyang'anya zaidi."

Mkunga akaweka kikombe chini. "Wodi ya vichanga," akasema.

"Vipi, Mama?"

"Wamelala ishirini, wote wameshiba, lakini usingizi wao mwepesi. Anaamka mmoja, analia kidogo tu. Anamwamsha wa pembeni. Sasa ni wawili, kelele kubwa, wanaamka wanne. Dakika mbili wodi nzima inalia kwa pamoja, na ukiuliza nani alianza humpati."

Nilikaa nikamtazama. Daktari alitumia nusu saa na hakufika hapo.

"Ndivyo, Mama. Na kuna sehemu moja huko juu ambapo mtikisiko wa hewa yenyewe na mzunguko wao vinaoana. Hapo ndipo wanalia zaidi, na sauti inatoka mara mbili ya mzunguko. Milioni mbili na laki nane. Ule uzi wangu."

"Na kiangazi?"

"Jua lisilozama linatandika tabaka chini ya pale wanapolia, nalo linameza mawimbi. Wanalia lakini hatuwasikii."

"Wewe ukasema ni mimi nimenyamaza."

"Nikasema ni wewe."

Alinyoosha mkono, kiganja juu. Nikaiweka fyuzi humo. Aliitazama kwenye mwanga wa taa, kama anaangalia uzi wa ndani haujakatika, kisha akanirudishia. "Itie wewe. Ulitoa wewe."

Nikabandua stika yangu. Fyuzi ikaingia. Sanduku likavuma, kipande cha kioo mbele kikapata rangi ya chungwa, na harufu ya vumbi linalopashwa joto ikajaa sebule. Saa ya ukutani ilisema kumi na moja kasoro dakika tatu. Mkunga alivua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya. Kwa nani, sikumuuliza. Akakalia mto wake.

"Kisiwani, Kisiwani, hapa Mkunga. Unanisikia?"

Akaachia kitufe. Mvumo tu, kama mafuta kwenye kikaango kilicho chumba cha mbali.

"Kisiwani, hapa Mkunga. Nilifungwa mdomo, nitakueleza. Umemeza?"

Mvumo. Nje dirishani anga lilikuwa limewaka tena, kijani mpaka kwenye theluji. Nikashika kisingizio hicho kwa mikono miwili. "Ni anga, Mama. Zile elektroni zenye nguvu zaidi zinashuka chini zaidi, zinatandika lile tabaka linalomeza. Anaweza kuwa anaita sasa hivi, tusimsikie."

"Kwa hiyo anga linaimba, halafu linatuziba masikio."

"Ndiyo, Mama."

"Lina tabia kama za mwanamume fulani," akasema, akaita tena.

Asubuhi nikapiga simu ofisi ya hali ya hewa. Mama mmoja mwenye sauti ya mafua akaniambia kituo cha kisiwani kinajiendesha chenyewe tangu kiangazi. Mashine inapima, mashine inatuma. Yule mzee alistaafishwa. Aliambiwa ahame, akakataa. Ana nyumba yake kulekule na redio yake.

"Ana simu?"

"Namba tuliyonayo ni ya kituo, kaka."

"Nani anapokea?"

"Mashine."

"Mtu anaweza kwenda kumtazama?"

"Boti inakwenda barafu ikiyeyuka. Miezi mitano." Akakohoa. "Wewe ni ndugu yake?"

Nikasema mimi ni jirani. Nilipoulizwa jirani wa wapi, nikakata simu.

Sasa nashuka kila jioni. Daktari ananipigia kila siku, ana furaha, jina langu litakuwa kwenye makala, mstari wa mwisho lakini litakuwepo. Namwambia ahsante. Saa kumi na nusu navaa koti. Mkunga ananiuliza kama nimekula, mimi namwambia nimekula, yeye ananipakulia. Saa kumi na moja anaita. Siku ya pili anga liliwaka, tukalilaumu. Ya tatu liliwaka. Ya nne pia. Nikaanza kuliombea liwake. Ya tano yalikuwa mawingu, nikamwambia chini ya mawingu huwezi kujua juu kukoje. Alinitazama tu. Mawingu hayahusiki kabisa na redio, na nadhani alijua.

Amemsimulia Kisiwani mambo ya miezi saba, kidogo kidogo, robo saa kila jioni, kama aliyebeba vitu vingi na anashusha kimoja kimoja. Paa lililovuja. Binti wa mwenye duka aliyejifungua mapacha bila kumwita. Goti lake. Anasema, anaachia kitufe, anampa mwenzie muda wa kutosha wa kujibu, tena muda mrefu kidogo kwa mtu anayependa kubisha, kisha anaendelea. Hakuna hata mara moja alipomwambia ni nani aliyetoa fyuzi. "Nilifungwa mdomo," anasema, basi.

Leo ni siku ya tisa. Nimetoka kibandani nikatazama juu kwanza. Siku hizi natazama juu kwanza. Nyota tupu. Nikarudi ndani kuangalia picha ya mashine: safi kutoka chini mpaka juu, hakuna uzi, hakuna tabaka, anga limelala kama wodi iliyoshiba. Leo sauti ya mtu inafika. Nikabaki nimeshika kitasa cha mlango muda mrefu kabla ya kushuka.

Mkunga naye alikuwa ameshaona dirishani. Saa kumi na moja akaita mara tatu, akaachia. Redio ilikuwa kimya kiasi kwamba tulisikia saa ya ukutani.

Akainuka kwenye mto, akanielekeza nikae. Akaniwekea maikrofoni mkononi.

"Leo mwambie wewe," akasema, akaenda kusimama dirishani, mgongo kwangu.

Kitufe kilikuwa bado na joto la kidole chake. Mimi, mtu wa maneno, nikakohoa mara mbili.

"Kisiwani. Mimi ni fundi wa kilimani, hunijui. Mkunga hakukuacha. Mimi ndiye niliyechukua fyuzi yake, na aliniomba nimpe muda akuage, sikumpa. Kama umemkasirikia, nikasirikie mimi. Kama umelala, amka. Huna haja ya kusema kitu, mzee wangu. Bonyeza tu kitufe mara moja, tusikie mlio. Mara moja tu, tafadhali."